Chupa Isiyojua Usiku

Chukua chupa ya plastiki ya soda, ile ya lita mbili. Tia vikombe viwili vya sukari, mimina maji ya uvuguvugu yakaribie shingo, nyunyiza robo kijiko cha chai cha hamira, toboa kizibo, pitisha mpira mwembamba na uzibe tundu kwa gundi. Baada ya saa kadhaa mapovu yataanza kupanda. Ncha ya pili ya mpira ikizamishwa kwenye tangi la samaki, mimea iliyopandwa humo imepata kile inachokihitaji kuliko mbolea yoyote, yaani hewa ukaa. Gramu 100 za sukari zikichachuka zote hutoa takribani gramu 51 za hewa hiyo, sawa na lita 28 hivi. Hakuna mtungi wa chuma, hakuna safari ya kwenda kuujaza gesi, wala deni dukani. Kwa mwenye mfuko mwembamba mambo yameishia hapo. Kwangu ndipo yanapoanza, kwa sababu gharama inapopungua upande mmoja mara nyingi huwa imehamia upande mwingine, na ndani ya kioo kile wamo viumbe ambao hawakuulizwa kitu. Unafuu huu unalipwa na nani?

Kabla ya kulijibu swali hilo tujue kwanza kama kuna deni lolote. Maji yaliyotulia, yakiachwa yapatane na hewa ya chumbani, hubaki na hewa ukaa ya miligramu 0.6 hivi kwa lita kwenye nyuzi joto 25. Hicho kidogo nacho husafiri kwa uvivu: gesi hupenya majini polepole mara elfu kumi hivi kuliko inavyopenya hewani, hata jani lililozama huweza kumaliza yote iliyolizunguka likakaa na njaa ilhali nyingine iko hatua ya kidole tu. Mtoni hali si hiyo. Mito mingi hubeba hewa ukaa nyingi kuliko ile ambayo anga lingeipa, maana udongo wa kingo, majani yanayooza na maji ya chemchemi huimimina humo mchana na usiku. Mmea wa mtoni hulishwa na msitu ulio juu yake. Anayekata shina lake akalipanda kwenye changarawe iliyooshwa ikatakata, katikati ya kuta nne za kioo, amelitenga na mkono uliokuwa ukililisha, hata kama amelipa maji safi na taa nzuri.

Waislamu wana hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wengi huikumbuka kama hadithi ya njaa. Lakini lawama yake ina pande mbili, na uzito wake uko pale zinapokutana: hakumlisha, na hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Paka wa mtaani asiyefungiwa hana dai kubwa kwa mpita njia. Mlango uliofungwa ndio uliozaa dai. Na kwamba kufungia kwenyewe si dhambi, wanazuoni wamelitoa kwenye hadithi nyingine, ile ya mtoto Abu Umair na kindege chake, ambapo Mtume alimtania mtoto kwa upole wala hakumkemea kwa kumweka ndege nyumbani. Ziweke hadithi hizi mbili ubavu kwa ubavu, utaona zinachora mpaka mmoja. Ruhusa ya kufunga mlango ipo, ila ukishaufunga, chote ambacho kiumbe angejipatia nje kimekuwa juu yako. Msomaji wa Biblia atafika mahali hapohapo kwa njia ya sura ya pili ya Mwanzo, ambamo mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, kazi mbili kwa pumzi moja.

Mtu ataniambia kwamba nimekwenda mbali. Mmea hauhisi njaa. Paka ana roho inayoumia, jani halina, na samaki, ambaye ndiye anayeweza kuumia, hahitaji hewa ukaa hata chembe. Yeye mwenyewe huitoa. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake limo katika jaribio la zamani. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London aliweka samaki wa dhahabu wawili ndani ya chombo chenye mmea wa Vallisneria. Majani yaliyokufa yakaoza na kuchafua maji, hadi alipoongeza konokono wa majini wakayala. Ndipo tangi likatulia. Samaki alitoa hewa ukaa, mmea ukaila na kurudisha oksijeni, konokono akasafisha. Katika chombo kilichofungwa, basi, mmea umekuwa kama kiungo cha mwili wa samaki. Unamwondolea uchafu unaotoka matamvuani mwake na kumpa pumzi. Anayeufisha kwa njaa amemgusa samaki kwa mkono mrefu. Kwa hiyo deni lipo, hata kama mdai wake ni samaki peke yake.

Ila jibu hilo linakata kuwili, na mwandishi mwaminifu hana budi kuonyesha makali ya pili. Warington hakuwa na chupa ya sukari. Pumzi ya samaki wawili na mabaki yanayooza vilimtosha, kwa sababu mwanga wake ulikuwa wa dirishani na mmea wake haukuharakishwa. Ziko aina nyingi zinazoishi hivyo. Anubias wa mito ya Afrika Magharibi hutoa jani moja kwa wiki kadhaa na halalamiki. Mimea inayoelea huchota hewa ukaa moja kwa moja angani, na kama kuna anayetilia shaka nguvu ya mbinu hiyo, aliangalie gugumaji lililolivamia Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ua lake linapendeza. Hitaji kubwa la hewa ukaa, lile la miligramu 20 hadi 30 kwa lita ambalo wapenzi wa matangi hulitaja, huletwa na taa. Mwanga mkali unaulazimisha mmea ukimbie; ukikosa hewa ukaa ya kukimbilia, hushindwa, na mwani hutwaa nafasi yake juu ya kioo na majani. Taa ni chaguo la mwenye nyumba. Zulia la kijani lililobana sakafu ya tangi, mashina mekundu, mapovu madogo ya oksijeni yanayoning'inia kwenye ncha za majani alasiri: hayo ni matamanio yake, na mimi siyadharau, maana uzuri nao ni hitaji la binadamu. Nasema tu kwamba deni la mlango uliofungwa ni dogo, na kinachozidi hapo ni gharama ya hamu yetu wenyewe.

Sasa tuirudie chupa. Hamira ni kiumbe hai na ina nyakati zake. Siku ya pili na ya tatu hufanya kazi kwa pupa, wiki ya pili huanza kuzembea, na ya tatu hivi kileo kilichojikusanya ndani ya chupa huiua. Dar es Salaam au Mombasa, chumba kikiwa na nyuzi joto 30, pupa huzidi na mwisho hujongea. Hakuna pa kuongezea wala pa kupunguzia. Na lililo zito kuliko hayo yote: chupa haijui usiku. Taa ikizimwa, mimea huacha kula hewa ukaa. Huanza kuitoa yenyewe, ikivuta oksijeni ileile ya samaki. Maji ya joto yana oksijeni haba tangu mwanzo. Chupa inaendelea kububujika gizani kana kwamba ni adhuhuri. Katika tangi dogo lisilo na mtikisiko juu ya maji, alfajiri utawakuta samaki wamejipanga chini ya uso wa maji, midomo juu, matamvua yakipepea haraka kuliko kawaida. Huenda oksijeni haijaisha. Hewa ukaa ikizidi majini, ile iliyomo kwenye damu ya samaki haina pa kutokea. Damu inakuwa na asidi na kushindwa kuishika oksijeni vizuri. Ni kukosa pumzi huku pumzi ipo.

Ukiubana mpira usiku ili kuzuia mapovu, mgandamizo utapanda ndani ya chupa mpaka kizibo kiruke au ubavu upasuke, na maji matamu yenye hamira yatapakaa sakafuni. Kinachobaki ni mtu: autoe mpira majini kila jioni na kuurudisha asubuhi, au awashe pampu ya hewa usiku ili mtikisiko ufukuze gesi iliyozidi. Na pampu hutegemea umeme. Ukikatika saa saba usiku, pampu inanyamaza na chupa haisikii. Mwenye mtungi na vali ya umeme yuko kinyume chake: vali ile hufunguka kwa nguvu ya umeme, basi umeme ukikatika hujifunga, na kosa linaangukia upande wa usalama. Ndipo bei ya mtungi inapoeleweka. Mapovu ya mtungi na ya hamira ni yaleyale. Fedha za ziada zinanunua uwezo wa kusimama. Aliyechagua chupa ameziokoa fedha hizo na, atake asitake, ameajiriwa kuwa vali. Akilala kazini, walioko ndani ya kioo wanamlipia. Wahenga waliosema rahisi ghali walikuwa wakimwonya mnunuzi. Hawakusema kitu kuhusu ghali inayomwangukia mtu wa tatu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mnunuzi haihisi na hivyo hajifunzi.

Wala gesi yenyewe si kitu cha kuchezea. Wakazi wa Goma na vitongoji vyake, upande wa Congo wa Ziwa Kivu, wana jina lake la Kiswahili, mazuku: hewa nzito inayotoka ardhini kwenye miamba ya volkano na kutuama mabondeni, haionekani, na huua mbuzi aliyeshuka kula majani au mtu aliyeinama kuokota kuni asubuhi pasipo upepo. Ziwa Nyos, Kamerun, liliitapika kwa wingi usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na watu wapatao 1,700 wakafa, wengi wakiwa usingizini. Hakuna hewa nyingine katika mambo haya. Ni ileile inayolisha jani la Anubias na kuumua mkate. Kwa hiyo anayejitetea kwamba ameongeza kitu cha asili tu hajajitetea. Lawama au sifa hupimwa kwa kiasi, na kiasi hukaa kwa anayekishika. Wauzaji wana kichupa cha kuning'iniza tangini chenye rangi inayobadilika: buluu ikiwa hewa ukaa ni haba, kijani ikitosha, njano ikizidi. Kifaa kizuri, ila huchelewa saa moja au mbili nyuma ya ukweli. Samaki hachelewi.

Chupa ya hamira ina doa jingine, nalo kwa Waislamu wa pwani si dogo. Kinachofanyika humo ndani, tukiacha kuzungukazunguka, ni kupika pombe. Joseph Priestley, mchungaji wa kanisa huko Leeds, alikaa jirani na kiwanda cha bia mwaka 1767, akaanza kuchezea hewa iliyotanda juu ya mapipa yanayochachuka, na mwaka 1772 akachapisha namna ya kuiyeyusha kwenye maji yakawa na mapovu. Chupa ya soda inapotiwa hamira inarudi, tuseme, kwa babu yake. Je, inafaa kuchachua sukari kwa ajili ya samaki, mtu asipokusudia kunywa? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi kwenye mwambao huu, hawakuipuuza nia: maji ya zabibu yaliyokamuliwa ili yawe siki wameyapa hukumu tofauti na yaliyokamuliwa ili yawe mvinyo, ijapokuwa yote mawili hupita kwenye kileo. Mwingine atasema siki ni kitu cha kuliwa na mapovu ni anasa, kwa hiyo mfano haukai. Sitoi fatwa; hiyo ni kazi ya wenye elimu yake. Ninachokiona ni kwamba shaka hii ina njia rahisi ya kuepukwa. Dukani ipo ndimu ya unga, na ipo bikaboneti ya soda. Gramu 100 za bikaboneti zikikutana na gramu 76 za ndimu ya unga hutoa gramu 52 hivi za hewa ukaa, na tone la kileo halimo. Chupa mbili za soda zikiunganishwa vizuri, mgandamizo wenyewe husukuma maji ya ndimu kidogo kidogo kadiri gesi inavyotumika, na vali ndogo ikifungwa jioni mgandamizo husawazika na kazi husita. Lazima ziwe chupa zilizotengenezwa kuhimili mgandamizo wa soda, kamwe zisiwe za kioo, na kuwe na kipimo cha mgandamizo. Kifaa hiki ni ghali kidogo kuliko hamira na rahisi sana kuliko mtungi. Sikutarajia kwamba dhamiri ya mcha Mungu na matamvua ya samaki yangeelekeza kwenye chupa ileile, lakini ndivyo ilivyo: ni chupa inayojua kusimama.

Bado kuna lawama kwamba nimeandika maadili ya matajiri, nikimwambia asiye na kitu aache uzuri uwe wa wenye mitungi. Lawama hii inaniuma kidogo, maana asiye na fedha mara nyingi hana muda pia, na kazi ya kuwa vali inadai muda. Lakini fedha hazinunui mizani. Huko Arizona, Marekani, mwezi Septemba 1991, watu wanane walijifungia kwa miaka miwili ndani ya Biosphere 2, jengo la kioo lililogharimu mamilioni mengi ya dola, lenye msitu na bahari yake ndogo. Oksijeni yao ilishuka kutoka asilimia 21 hadi 14 hivi, kwa sababu vijidudu vya udongo wenye rutuba nyingi viliivuta na kutoa hewa ukaa, nayo zege ya jengo ikainyonya kimyakimya mimea isiipate. Mwaka 1993 ilibidi oksijeni iingizwe kutoka nje. Wale wanane waliweza kusema kwamba wanahema kwa shida, na wakaletewa pumzi. Samaki hana simu. Kwa hiyo sidai mwenye tangi awe na mali. Namdai asimtwishe samaki upungufu ambao mwenyewe angeuepuka kwa kushusha hamu yake ngazi moja.

Hapo hujitokeza pingamizi la wanafalsafa, ambalo nimelipenda kuliko yote. Wao watasema kwamba ulimwengu unaohitaji kupulizwa gesi kila siku umeundwa vibaya tangu mwanzo. Mwanafalsafa Leibniz alilitoa pingamizi hili mwaka 1715 katika barua zake za mabishano na Samuel Clarke, kasisi na rafiki wa Newton: Mungu anayelazimika kuitia saa yake ufunguo mara kwa mara ni fundi duni. Clarke akamjibu kwamba ufalme unaojiendesha bila mfalme ni ufalme wa jina tu. Mabishano yalikatika Leibniz alipofariki mwaka 1716, na katika vyumba vya matangi hayajakatika. Diana Walstad, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake juu ya ikolojia ya tangi lenye mimea mwaka 1999, yuko upande wa Leibniz: udongo wa kawaida chini ya changarawe, mwanga wa wastani, vijidudu vya udongo vikitengeneza hewa ukaa vyenyewe. Mfuasi wa Clarke ataning'iniza mpira. Kwa Mwenyezi Mungu siwezi kuamua kati yao. Kwa binadamu naona wote wawili wameuliza swali lisilomfaa, kwa kuwa hakuna tangi lisilomhitaji mwenyewe. Hata la Walstad hulishwa, huongezwa maji ya kufidia yaliyokauka na huwashiwa taa. Swali linalompasa fundi dhaifu ni jingine: siku asipokuja, kazi yake itaharibika kwa namna gani? Tangi la udongo likiachwa wiki nzima hufifia, majani hugeuka njano, samaki hukonda. Lenye chupa ya hamira, pampu na umeme wa kukatika huweza kuharibika usiku mmoja. Muumba tunayemsema hasafiri wala halali. Sisi tuna misiba ya ghafla huko mashambani na mabasi yanayochelewa.

Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo angeanza na taa: aipandishe juu kidogo au aipunguzie saa zibaki sita au saba, aache mimea inayoelea ifunike theluthi ya maji, apande aina zisizo na haraka, kisha atazame kwa mwezi mmoja kama lile pengo la hewa ukaa bado lipo. Mara nyingi litakuwa limepungua bila shilingi kutoka mfukoni. Likibaki, na hamu ya zulia la kijani ikibaki pia, chupa zipo, na bei zake ni za dukani. Ila kabla ya kutoboa kizibo, watu wa nyumba hiyo wajadiliane kwa majina: taa inazimwa saa mbili usiku, leo nani yupo, kesho nani, na Ijumaa wote wakienda arusini nani anabaki.